Seli za Maabara na Saratani ya Matiti ya Mbwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanafunzi wa tiba ya mifugo, mafundi wa maabara wanaoanza kuotesha seli, na pia mwenye mbwa aliyesoma mahali kwamba dawa au mmea fulani "umemaliza seli za saratani", akabaki akijiuliza mbona daktari wake hautumii. Swali la huyo wa mwisho ndilo gumu kuliko yote, na limepewa nafasi yake huko chini.

Kwa nini saratani ya matiti ya mbwa ichunguzwe?

Kwanza kwa ajili ya mbwa wenyewe. Kwa mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi, hakuna uvimbe unaojitokeza mara nyingi kama wa matiti, na takriban nusu ya uvimbe huo ni saratani. Mbwa kwa kawaida ana jozi tano za matiti, kutoka kifuani hadi kinenani, na si ajabu kukuta vinundu kadhaa kwa wakati mmoja, kila kimoja na tabia yake. Kimoja hakina madhara yoyote, na kilicho jirani yake kimekwisha kupeleka seli kwenye mitoki na mapafu.

Pili, ugonjwa huu humjia mbwa wenyewe, utu uzima ukishamwingia, bila mtu kumdunga chochote. Kinga yake ya mwili ni kamili, na anaishi nyumba moja na binadamu. Panya wengi wa majaribio hawana sifa hizo. Tangu jenomu ya mbwa ilipochapishwa mwaka 2005, kwa kutumia DNA ya jike wa aina ya Boxer aitwaye Tasha, imewezekana kuzilinganisha jeni za mbwa na za binadamu moja baada ya nyingine. Jeni ya PIK3CA, ambayo huharibika kwa wanawake wengi wenye saratani ya matiti, huharibika kwa mbwa pia, na mara nyingi ni mahali palepale kwenye protini, panapojulikana kama H1047R.

Ukoo wa seli ni kitu gani?

Ni seli zilizotoka kwenye tishu ya mnyama mmoja, zikazoea kuishi nje ya mwili na kuendelea kugawanyika bila kikomo. Seli za kawaida haziwezi hivyo. Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Seli za uvimbe zilizotolewa karibuni tu, ambazo hazijathibitika kuvuka mpaka huo, huitwa seli za awali. Hizo hufanana zaidi na uvimbe zilikotoka lakini hazidumu. Ukoo wa seli hudumu, na kadiri unavyodumu ndivyo unavyojitenga na asili yake. Karibu kila tatizo linalojadiliwa hapa linatokana na mvutano huo.

Seli hizo hupatikanaje kutoka kwa mbwa mgonjwa?

Kipande cha uvimbe hukatwa wakati wa upasuaji ambao mbwa angefanyiwa hata bila utafiti, mwenye mbwa akiwa ameridhia kwa maandishi. Kipande hupelekwa maabara kikiwa kwenye kimiminika baridi chenye antibiotiki, hukatwakatwa vipande vidogo sana, halafu huwekewa kimeng'enya kama kolajenasi ili seli ziachane. Kisha huwekwa kwenye chupa, ndani ya inkubeta.

Wengi hushindwa hapo. Uvimbe huja na fibroblasti, seli za tishu unganishi, na hizi hukua haraka zikaifunika chupa nzima kabla seli za saratani hazijashika. Mbinu ya zamani na bado nzuri ni kutumia tripsini, kimeng'enya kinachobandua seli, kwa muda mfupi. Fibroblasti hubanduka kwanza na kumwagwa, seli za epitheli, yaani zile zinazotanda kuta za tezi na ndizo za saratani hapa, zikabaki zimeng'ang'ania. Hurudiwa hivyo hadi chupa itakate. Baadaye seli hupimwa kwa alama zake: sitokeratini kwa seli za epitheli, vimentini kwa zile za tishu unganishi, p63 na aktini ya misuli laini kwa seli za mioepitheli, zile zinazoizunguka tezi na kuibana.

Sampuli nyingi hufia njiani. Ukoo mmoja unaodumu ni zao la sampuli kadhaa zilizokataa. Kwa hiyo koo tulizo nazo ni za uvimbe uliokubali kuishi kwenye plastiki, na huo si lazima uwe ndio uvimbe unaoonekana zaidi kliniki.

Ni koo zipi zinazotumika zaidi?

Jina utakalokutana nalo mara nyingi ni CMT-U27. Herufi U ni ya Uppsala, Sweden, ambako kundi zima la CMT-U lilianzishwa. CMT-U27 ilitoka kwenye kasinoma ya kawaida, na ikipandikizwa kwa panya wasio na kinga husambaa hadi viungo vya mbali, ndiyo maana wanaochunguza kusambaa kwa saratani wameishikilia. Ndugu zake wametoka kwenye uvimbe wa aina nyingine kabisa: CMT-U309 ni ya uvimbe wa seli zenye umbo la pia, CMT-U335 ni ya osteosakoma, saratani inayotengeneza mfupa, ndani ya titi. Anayezichanganya zote kwenye jedwali moja akaandika "seli za saratani ya matiti ya mbwa" amechanganya magonjwa tofauti.

Kwa maoni yangu koo zenye manufaa kuliko zote ni zile za jozi kutoka Japani, zilizoelezwa mwaka 2006: CHMp na CHMm, CIPp na CIPm, CTBp na CTBm, CNMp na CNMm. Herufi ya mwisho ndiyo ufunguo. Zenye p zilitoka kwenye uvimbe wa mwanzo, zenye m zilitoka pale saratani iliposambaa, na kila jozi ni ya mbwa mmoja. Ukiona tofauti kati ya CHMp na CHMm, huwezi kusema labda ni kwa sababu mbwa walikuwa wawili. Ukilinganisha koo mbili zisizohusiana, mashaka hayo hayaishi kamwe.

CF41.Mg hutumika mno, na sababu kubwa ni kwamba benki ya seli ya ATCC ya Marekani inaiuza, hivyo mtu yeyote anaweza kuiagiza. REM134, P114, CMT12 na CMT28 nazo zimo kwenye machapisho mengi. Kwa saratani ya titi yenye uvimbe-joto, ile inayolifanya titi zima liwe jekundu, gumu na lenye maumivu, kuna IPC-366 kutoka Madrid. Huchunguzwa sambamba na SUM149, ukoo wa binadamu wa ugonjwa huohuo, kwa kuwa ugonjwa huo ni nadra kwa wanawake na unaua haraka kwa pande zote mbili.

Seli zangu hazina vipokezi vya estrojeni. Nimeuziwa seli mbovu?

La. Vipokezi ni protini ambazo homoni hushika ili seli iitikie, na kuvikosa ni jambo la kawaida. Uvimbe wa matiti wa mbwa ukiwa mbaya zaidi hupoteza vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na seli zikiisha kukaa kwenye chupa hupoteza hata vile vilivyobaki. IPC-366, kwa mfano, haina vipokezi hivyo wala haioneshi HER2, protini inayochochea ukuaji wa baadhi ya saratani za matiti.

Tatizo ni kwamba homoni ndiyo chanzo kikuu cha ugonjwa huu. Utafiti maarufu wa mwaka 1969 ulikadiria kwamba mbwa aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza (kipindi cha kwanza cha kutaka dume) hubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari aliyo nayo ambaye hajafungwa. Baada ya joto la kwanza ni asilimia 8, baada ya la pili asilimia 26. Takwimu hizo zimekosolewa tangu hapo, na mapitio ya baadaye yameona ushahidi wake ni dhaifu kuliko unavyonukuliwa, lakini kwamba homoni zinahusika hakuna anayebisha. Mbwa ana upekee mwingine. Kila baada ya joto, awe na mimba au asiwe nayo, projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi miwili, nayo huifanya tezi ya titi yenyewe itengeneze homoni ya ukuaji.

Sasa chukua seli zisizo na kipokezi, uziulize kuhusu homoni. Zitakujibu, kwa maana kwamba kipimo kitatoa namba, ila namba hiyo haihusiani na swali. Anayetaka kuchunguza homoni aanze kwa kupima vipokezi kwenye seli alizo nazo mkononi, asitegemee chapisho la zamani, na akivikosa ahamie kwenye seli za awali au organoidi, vijifuko vya seli vinavyoelezwa huko chini. Kuna mtego mwingine ambao wageni hawauoni. Seramu ya ndama ina homoni zake, na ile rangi ya waridi ya kimiminika, yaani fenoli nyekundu, nayo hutenda kama estrojeni hafifu. Tumia seramu iliyochujwa kwa mkaa na kimiminika kisicho na rangi, la sivyo kundi lako lisilopewa homoni litakuwa limepewa tayari.

Uvimbe mchanganyiko wa mbwa unaweza kuoteshwa?

Vipande vyake, ndiyo. Wenyewe kama ulivyo, bado ni kazi ngumu. Kwa mbwa ni kawaida kukuta uvimbe wa titi ambamo seli za epitheli na za mioepitheli zimeongezeka pamoja, na ndani yake kuna gegedu au hata mfupa. Kwa wanawake jambo hilo ni nadra. Ukoo wa aina moja ya seli hauwezi kuonesha mazungumzo kati ya aina hizo mbili, na hapo ndipo ninapoona ulinganisho wa mbwa na binadamu husukumwa mbali kupita kiasi.

Kuna haja gani ya organoidi ikiwa seli za kawaida zinakua vizuri?

Seli iliyotandazwa kwenye plastiki haijawahi kuishi hivyo mwilini. Imelala bapa, upande mmoja umegusa kitu kigumu, upande mwingine umeoga chakula na oksijeni. Hatua ya kwanza ya kuondoka hapo ni sferoidi, madonge ya seli yanayojikusanya kwenye sahani zisizoshikika au kwenye tone linaloning'inia. Katikati ya donge oksijeni hupungua na dawa huingia kwa shida, kama ilivyo kwenye uvimbe halisi, kwa hiyo dozi iliyoua seli bapa mara nyingi haitoshi.

Organoidi huenda mbali zaidi. Seli kutoka kwenye tishu ya mbwa huoteshwa ndani ya jeli yenye protini za utando wa chini, kwa kawaida Matrigel, ambayo hutengenezwa kutokana na sakoma ya panya, pamoja na vichocheo vya ukuaji vilivyochaguliwa. Hujipanga zenyewe kuwa vijifuko vyenye mpangilio unaofanana na tezi, na zinaweza kutoka kwenye uvimbe na kwenye titi lisilo na ugonjwa la mbwa huyohuyo. Gharama ni kubwa, jeli hutofautiana kutoka shehena moja hadi nyingine, na hakuna mishipa ya damu wala seli za kinga mpaka uziongeze mwenyewe. Kwa kupima dawa nyingi kwa haraka bado ningeanza na seli bapa, kisha zile dawa chache zilizopita zipelekwe kwenye organoidi.

Nitajuaje kwamba seli nilizoletewa ni zenyewe?

Kwa kuzipima, na kabla ya jaribio la kwanza. Historia ya seli za maabara imejaa aibu. HeLa, zilizotoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951, ziliingia kwenye chupa za watu wengine na kuzitawala kwa miaka bila wenyewe kujua. MDA-MB-435 ilitumika muda mrefu kama saratani ya matiti ya binadamu. Sasa inajulikana kuwa ni sawa na M14, saratani ya ngozi. Kwa upande wa mbwa hatari ni hiyohiyo. Maabara nyingi zina MDCK, seli za figo za mbwa wa aina ya Cocker spaniel zilizoanzishwa mwaka 1958, na hizo hukua kwa nguvu. Tone moja la MDCK likiingia kwenye chupa ya seli za titi zinazokua polepole, baada ya muda utakuwa na chupa ya figo yenye jina la titi.

Kipimo cha spishi peke yake hakitalinasa kosa hilo, kwa kuwa zote ni za mbwa. Kinachotakiwa ni kupima marudio mafupi ya DNA, vipimo vya STR vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kulinganisha wasifu na ule wa ukoo wa asili. Maabara zinazotoa huduma hiyo kwa seli za binadamu ni nyingi kuliko za mbwa, kwa hiyo uliza mapema. Idadi ya kromosomu nayo husaidia kidogo: mbwa ana 78, lakini seli za saratani huwa zimepungukiwa au kuzidiwa.

Halafu mikoplasma. Ni bakteria wasio na ukuta wa seli, hivyo penisilini haiwasumbui, na ni wadogo kiasi cha kupenya vichujio vingi. Hawachafui kimiminika kikaonekana. Chupa inang'aa, seli zinagawanyika, wewe unachapisha. Kumbe wamebadilisha jinsi seli zinavyotumia chakula na jeni zinazofanya kazi. Pima kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yao, seli zinapowasili, zikiwa bado zimetengwa, na urudie kila baada ya muda. Chupa iliyoambukizwa itupwe. Kuitibu kunawezekana, lakini mara chache kuna thamani ya kuhatarisha chupa nyingine zote.

Mahitaji ya kuziotesha ni yapi?

Ya kawaida tu: nyuzi 37 za Selsiasi, hewa yenye kabonidioksaidi asilimia 5, kimiminika cha DMEM au RPMI 1640 chenye seramu ya ndama asilimia 10. Joto la mwili wa mbwa ni la juu kidogo kuliko hilo, lakini watafiti wamebaki na 37. Zigandishe akiba mapema, kwenye DMSO asilimia 10 (kemikali inayozilinda seli dhidi ya barafu), ndani ya naitrojeni ya majimaji, na uandike kila mara unapozihamisha. Seli zilizohamishwa mara 80 usizilinganishe na zilizohamishwa mara 10 hata kama lebo ni moja.

Kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya protini za binadamu zitafanya kazi?

Baadhi. Hata ile inayoonesha rangi nzuri kwenye kipande cha tishu inaweza kuwa imeshika protini nyingine. HER2 ni mfano mchungu: matokeo ya mbwa yametofautiana sana kati ya tafiti, na kuna waliotilia shaka kama kingamwili iliyotumika ilikuwa inaitambua HER2 ya mbwa hata kidogo. Angalia uzito wa protini kwenye kipimo cha Western, kinachotenganisha protini kwa ukubwa, na ukiweza, zima jeni yake kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA, uone kama rangi inatoweka.

Nimesoma kwamba dawa fulani imeua seli za saratani ya mbwa. Itamtibu mbwa wangu?

Kwa taarifa hiyo pekee, hapana. Karibu kila kitu huua seli kwenye sahani kikizidi, chumvi ikiwemo. Mambo ya kuuliza ni mengine.

Uliza kiwango. Je, kiwango kilichoua seli kinaweza kufikiwa kwenye damu ya mbwa aliye hai? Dawa za maumivu kama piroksikamu ni mfano mzuri. Zina sababu ya kuchunguzwa, kwa kuwa kimeng'enya cha COX-2 huongezeka kwenye uvimbe mbaya wa mbwa, lakini viwango vinavyoua seli maabara mara nyingi ni vya juu sana kuliko vile vya dozi salama. Uliza muda pia. Seli kwenye kisima, yaani kitundu kimoja cha sahani ya maabara, hukaa na dawa saa 48 au 72 mfululizo, ilhali doksorubisini, dawa ya saratani, ikidungwa kwenye mshipa hushuka haraka mno kwenye damu.

Uliza ililinganishwa na nini. Kama hakuna seli za kawaida za mbwa zilizopewa dozi ileile, hujui kama ni dawa ya saratani au ni sumu ya kila seli. Na uliza kipimo. Kipimo kinachopendwa cha MTT hakihesabu maiti. Hupima jinsi seli zinavyogeuza kemikali ya njano kuwa ya zambarau. Seli iliyolala nayo haigeuzi. Kwa dondoo za mimea ni hatari zaidi, kwa kuwa nyingi zina vizuia oksidisho vinavyoigeuza kemikali hiyo bila kuwepo seli hata moja, dawa ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo, au rangi ya dondoo yenyewe ikaharibu usomaji. Visima visivyo na seli, vyenye dondoo tu, ni lazima. Ukisoma utafiti usiovitaja, weka pembeni.

Tiba kuu kwa mbwa bado ni upasuaji. Usimpe mbwa kitu kwa sababu ya sahani ya maabara.

Je, seli hizi zinaondoa haja ya kutumia wanyama?

Zinapunguza. Russell na Burch walipopendekeza mwaka 1959 kubadilisha, kupunguza na kuboresha matumizi ya wanyama, seli zilikuwa mojawapo ya njia walizofikiria. Dawa kumi zikianza na nane zikaanguka kwenye seli, ni wanyama wa dawa mbili tu watakaohitajika. Ila ini, figo, kinga na homoni hazimo kwenye chupa. Kwa saratani hii kuna njia ya tatu nzuri: majaribio ya kliniki kwa mbwa ambao tayari ni wagonjwa, chini ya kibali cha maadili, ambamo mgonjwa mwenyewe anaweza kunufaika.

Zinaweza kuniambukiza saratani?

Kinga ya mtu mzima wa afya huzikataa seli za mbwa. Hata hivyo fanya kazi ndani ya kabati la usalama la daraja la pili, vaa glavu, na usiwahi kunyonya kwa mdomo. Anayetumia virusi kuingiza jeni afuate masharti ya virusi hivyo.

Mbwa wangu atafanyiwa upasuaji wa uvimbe wa titi. Sampuli yake inaweza kutumika?

Inaweza, iwapo kuna maabara inayokusanya na daktari wako ana mawasiliano nayo. Lakini panga kabla ya siku ya upasuaji. Uvimbe ukishatolewa, kwa kawaida huingizwa kwenye formalini ili mtaalamu wa patholojia ausome, na seli zilizoingia humo zimekufa; hazioteshwi tena. Uchunguzi wa patholojia ndio wa kwanza, kwa kuwa ndio utakaoamua matibabu ya mbwa, na kingo za uvimbe hazipaswi kuguswa. Kwa ajili ya utafiti kipande kidogo kutoka ndani, nje ya sehemu iliyooza, kinatosha. Uliza pia kama utaarifiwa kitakachopatikana, na kama jina lako litaondolewa kwenye kumbukumbu. Umri wa mbwa, aina yake, alifungwa kizazi lini na kilichompata baada ya upasuaji viandikwe. Koo nyingi za zamani hazina taarifa hizo, na hakuna tena wa kuulizwa.